Kitufe cha Nje ya Ukuta

Jumapili, 9 Machi

Nduta ameniletea daftari hili niandike saa za dawa za baba yake. Saa za dawa nazijua. Niliuza vitunguu Karatina maisha yangu yote bila kuandika bei, sasa nitashindwa na vidonge? Lakini daftari ni zuri, lina jalada gumu, na kulitupa ni dhambi. Nitaandika mambo yangu.

Tulihamia hapa Kitengela Januari. Nyumba tuliuziwa na mzee Lazarus aliyerudi kwao Bungoma, na alituachia vitu ambavyo hatukumwomba: tangi la maji lenye ufa na alamu ya wezi. Alamu yenyewe ni kisanduku cha tarakimu kwenye korido, sensa nyeupe kwenye pembe za vyumba, kitufe chekundu jikoni na kingine kando ya kitanda, na king'ora chini ya paa. Hatujui hata kuizima. Ina taa ya manjano inayowaka muda wote, na Gakuru huisalimia akipita na fimbo yake.

Gakuru ni mume wangu. Mwaka jana alipata kiharusi, na mkono na mguu wa kushoto bado ni wazito. Ndiyo maana Nduta, mtoto wetu wa pekee, hana amani. Leo kabla ya kuondoka amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, akatoa amri kama chifu.

"Mama, hiyo alamu itengenezwe. Na nataka kujua, siku baba akianguka ubonyeze, ni nani anakuja? Mvua ikiisha kama hakuna mtu wa kuja, nakuja na gari nawachukua. Sitabishana."

Nduta anakaa Nairobi, orofa ya nne, na lifti yao ni ya kuombea. Gakuru alingoja gari lipotee ndipo akasema, "Huko nitakuwa naangalia nguo za watu kwenye kamba." Hapa anakaa verandani, anaangalia mbuga yote mpaka Ngong. Alivyosema hivyo nilisikia uchungu, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ya kwanza, na alamu ikapiga kelele mchana kweupe! Hakuna mwizi, hakuna mtu, ni mimi na ugali wangu jikoni. Ngai, nilidhani paa limepasuka. Gakuru kwenye kiti ameziba sikio moja, lile lingine mkono hauliwezi.

Nilitoka mlango wa jikoni. Nyuma ya ukuta wetu kuna kiwanja kitupu, halafu boma la majirani Wamaasai. Tumewaona tangu Januari kwa mbali: kijana anaitwa Parsaoti, mke wake Eunice, na mama yake Parsaoti, mama mrefu wa shuka la bluu. Nikasema sasa hao watakuja, maana kelele hiyo hata Isinya wameisikia.

Walitoka mbio kweli. Parsaoti na rungu, Eunice na panga, mama na fimbo. Wakakimbia upande wa kondoo wao! Wakazunguka zizi, wakaangalia kichakani, wakarudi wakakaa. Hata kuchungulia kwetu hawakuchungulia. Yaani jirani analia, wewe unakimbilia mali yako.

Gakuru alicheka, akaniambia nisiwe mkali kabla sijajua. Najua nilichokiona.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Viazi vimepanda bei.

Jumanne, 18 Machi

Imelia tena, alfajiri. Na wao tena, mbio, kwa kondoo. Nimesimama dirishani nimejifunga blanketi, nikawahesabia watu hao dhambi. Huko Karatina ukipiga nduru hata adui yako anakuja, akulaumu baadaye.

Jumatatu, 24 Machi

Fundi amekuja, anaitwa Khisa, mtu wa maneno mengi na viatu vya matope. Amenichafulia korido yote, lakini anajua kazi.

Kwanza alifungua king'ora. Betri imevimba kama mkate. Akaniambia stima ikipotea, alamu hiyo ingekuwa pambo tu. Akaweka mpya. Kwenye sensa ya stoo alikuta mjusi na familia yake. "Mama, mwizi wako ndiye huyu. Mvua ikinyesha anatafuta joto, anaingia hapa, alamu inadhani ni mtu." Akazifungua zote, akapangusa, akaziba matundu ili wadudu wasiingie. Halafu tukafanya jaribio: mimi natembea chumba kwa chumba, Khisa anasoma kisanduku, na Gakuru anatangaza kwenye kiti chake kama mpira wa redioni. "Mama Nduta yuko sebuleni! Ameonekana! Anaelekea choo!" Sijamsikia na furaha namna hiyo tangu augue.

Shida ikawa waya mmoja. Khisa aliufuata mpaka ukuta wa nyuma, ukatoboa, ukatokea nje. Tukazunguka. Nje ya ukuta, upande wa majirani, nyuma ya mti wa leleshwa, kuna kikopo cha bati chenye kifuniko, na ndani yake kitufe chekundu kama kile cha jikoni.

"Haiya! Na hii ni ya nani?" nikauliza.

"Mama, sijawahi kuona. Alamu watu huweka kitufe ndani. Hii ni kama kumpatia mpita njia filimbi ya nyumba yako. Mtoto yeyote anakuamsha."

"Kata."

Gakuru aliita kutoka verandani, "Mpigie Lazarus kwanza umuulize!"

Nilipiga mara moja, hakushika. Nikamwambia Khisa akate, akakata.

Mwisho akajaribu king'ora. Sasa kinalia mpaka meno yanauma. Majirani wakatoka tena na silaha zao, safari hii Parsaoti akakimbilia ukuta wetu. Nikasema afadhali. Akapaza sauti, "Mama! Imeenda upande gani?"

"Hakuna kitu! Ni fundi!"

Alinitazama, akatazama mbuga, akaenda zake. Hata hujambo hakusema.

Jumapili, 30 Machi

Nduta amepiga simu. Nikamwambia alamu imepona. "Na watu?" akauliza. Nikasema laini inakatika.

Alhamisi, 3 Aprili

Udongo mweusi umeshika gumbuti yangu ya kulia langoni, nikaiacha hapo. Gakuru ametembea mpaka tangi na kurudi.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo nitaandika mengi maana sina mahali pengine pa kuyaweka.

Asubuhi nilisikia kilio kutoka bomani. Nikaona watu wamezunguka zizi. Nikajiambia hayo si yangu, nikaweka chai. Chai haijachemka, lango likagongwa. Ni mama yake Parsaoti, peke yake, shuka limelowa mpaka magotini. Tangu tuhamie hajawahi kufika hapo.

"Takwenya," akasema.

Sikujua jibu. Gakuru alijibu nyuma yangu, "Iko." Zamani aliendesha lori la maziwa huku Kajiado, na maneno bado anayo. Akamkaribisha kiti. Mama akakataa kukaa.

"Mimi naitwa Nalotuesha," akaniambia. "Fisi aliingia mapema, giza likitoka. Parsaoti ako Bisil na ng'ombe. Mimi na Eunice tuko peke yetu. Nikakimbia kwa ukuta yenu, nikafinya ile kitu. Nikafinya, nikafinya. Ikakataa."

Nikakumbuka waya wa Khisa.

"Amekula kondoo wangapi?" Gakuru akauliza.

"Wenye amekula si wengi. Wenye ameuma ndio wengi." Akanigeukia tena. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nimekuja kuuliza tu. Imeharibika?"

Ningeweza kusema ndiyo. Fundi alikuwa hapa, vitu huharibika, nani angejua? Nikamwambia, "Mama, niliikata. Sikujua ni yako."

Akanieleza. Lazarus alimwekea kitufe hicho mwenyewe, baada ya chui kuingia bomani mwaka ambao mume wake alifariki. Fisi akionekana, Nalotuesha anabonyeza, king'ora kinalia, mnyama anatoroka, na wanaume wa maboma ya mbali wanajua waje. Na Lazarus akiona kitu akiwa kwake, anabonyeza cha ndani. Kwa hiyo kwa watu wa hapa, king'ora cha nyumba hii maana yake ni moja: kuna mnyama, kimbilia kondoo. Mambo ya mwizi hawajawahi kuyafikiria. Mwizi apitie wapi, na wao wako hapo nyuma wanaona kila anayekuja?

"Hata mvua ilianza, ikawa inalia kila saa," akasema. "Tukasema, hawa watu wapya ni wazuri. Wazee, lakini wanaona fisi hata mchana."

Jameni! Walikuwa wanatusifu. Mimi niko dirishani na blanketi nawahesabia dhambi, wao wako kwenye matope wanatusifu.

Nilimwomba msamaha. Nikamwambia nitalipa. Akainua mkono.

"Fisi ndio alikula. Wewe hujala nyama yangu." Akakataa chai pia, akaenda. Nimelia leo, na Gakuru hakuniambia "nilikwambia". Afadhali angesema.

Jumamosi, 12 Aprili

Lazarus ameshika simu. "Woi, mama! Nilisahau kuwaambia! Lakini si Parsaoti alikuja kuwasalimia?" Nikamwambia hapana. Kumbe wao walikuwa wanangoja mgeni aje ajitambulishe, na sisi tunangoja wenyeji watukaribishe. Miezi yote hiyo.

Khisa anasema barabara imekatika huko kwao, nimngoje.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilipeleka pesa kwenye bahasha. Eunice akanirudishia langoni, kwa heshima kabisa, kama mtu aliyeletewa nguo isiyo yake.

Gakuru akaniambia, "Wewe na vitunguu vyako. Ukilipa, mmemalizana. Unataka kumalizana nao?"

"Sitaki."

"Basi peleka kondoo. Usiseme ni malipo, sema ni zawadi. Halafu ngoja uone."

Jumamosi, 19 Aprili

Nimeenda sokoni Bisil na Eunice. Vitunguu ningechagua nimefumba macho, lakini kondoo wote wananitazama kwa sura moja. Nikamwonyesha Eunice mmoja mnene, akacheka mpaka akajishika kiuno. "Huyo ni maji tu, mama. Amekunywa asubuhi ndio anunuliwe." Akapapasa migongo, akaangalia meno, akanichagulia jike mweusi kichwani. Njiani tumeongea mpaka nikasahau kuwa nilikuwa namwogopa. Ana ujauzito, na ameniuliza kama kabichi inakubali udongo huu.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Tumempeleka kondoo. Gakuru alisisitiza kuja, tukazunguka ukuta pole pole, yeye na fimbo, mimi na kamba, na kondoo akivuta upande wa Namanga.

Nalotuesha alimpapasa mgongo, akaridhika. Nikasema, "Hii si malipo. Ni zawadi."

Akaniuliza, "Nani amekufundisha?" Nikamwelekezea Gakuru kwa kidevu. Akacheka, mara ya kwanza namwona meno. Akanishika mkono. "Basi kutoka leo mimi si mama Parsaoti kwako. Mimi ni Paker. Na wewe ni Paker. Ukinipea kondoo, hilo ndilo jina, mimi na wewe. Hakuna mtu mwingine ananiita hivyo."

"Paker," nikasema.

"Paker," akaitika.

Tulikunywa chai ya maziwa matupu. Nimerudi nyumbani na umri huu nikiwa na jina jipya, na nimefurahi kama mtoto aliyebatizwa.

Jumamosi, 26 Aprili

Khisa amerudi na matope yake. Ameunganisha kitufe cha nje, na ameigawa sauti: cha nje kikibonyezwa king'ora kinalia mfululizo, huyo ni mnyama. Vya ndani vikibonyezwa kinakatakata, huyo ni mtu. Boma zima lilisimama ukutani kujifunza. Paker alibonyeza mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Parsaoti akamwambia mama yake, "Yeyo, utamaliza moto ya betri." Mama akabonyeza tena.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua haiachi. Gakuru anakohoa kidogo.

Jumamosi, 10 Mei

Nduta amekuja. Nikamweleza yote, nikidhani atafurahi. Alisikiliza kama karani wa mahakama.

"Sawa. Sasa bonyeza tuone."

"Nibonyeze nini? Hakuna kitu."

"Ndio maana. Siku ya mazoezi kila mtu huja, Mama. Bonyeza bila kuwaambia. Wakija, nitaamini."

Nikakataa. Nikamwambia hapa watu huacha kazi, wanakimbia na panga kwenye matope, mmoja ni mjamzito. Huwezi kuwaita kwa uongo eti unawapima. Nishawakosea mara moja.

"Basi huna jibu," akasema. Alikuwa anamwangalia baba yake verandani, na hapo nikaona kuwa ukali wote ule ni hofu. "Mvua ikiisha nakuja. Sitaki kupigiwa simu nikiwa kazini niambiwe baba alilala chini siku nzima."

Gakuru alikuwa verandani na alisikia kila neno. Hakula chakula cha jioni.

Alhamisi, 22 Mei

Naandika hospitalini, peni nimeazima.

Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi, mvua kubwa. Gakuru akataka kuona kama maji yamejaa tangi. Nikamwambia angoje nivae gumbuti. Hakungoja. Nilisikia fimbo ikianguka, halafu yeye. Alikuwa chini ya ngazi za jikoni, mguu mzima umekunjika chini ya ule mgonjwa, uso kwenye matope. Anapumua. "Niko sawa," akasema, na hakuwa sawa.

Nilimshika kwapani nikavuta. Hakusogea. Nikavuta tena, tukateleza wote wawili. Gakuru si mtu mdogo, na mimi si yule wa magunia tena. Simu yangu ilikuwa imezima. Nikamfunika na koti langu, nikapanda ngazi kwa magoti, nikabonyeza kitufe cha jikoni.

Hakuna stima, nikasema hakitalia. Kililia! Ile betri. Kikakatakata kama tulivyofundishwa, lakini mvua ilikuwa inapiga mabati hata mimi mwenyewe nilikisikia kwa mbali. Nikarudi nikakaa kwenye matope, nikaweka kichwa chake pajani. Nikafikiria: Parsaoti labda yuko Bisil. Nikafikiria: watasikia nusu, wataenda kwa kondoo. Nilimwambia Gakuru wanakuja, na nilikuwa namdanganya.

"Paker!"

Sauti ilitoka nyuma ya ukuta. "Paker! Ni mtu?"

"Ni mtu!" nikapiga kelele. "Ni Gakuru! Paker, ni Gakuru!"

Parsaoti aliruka ukuta. Shuka lilinaswa kwenye waya, akaliacha hapo likining'inia, akashuka na kaptura tu. Akafungua lango, na nikaona watu wanaingia ambao siwajui, wanaume wa maboma ya mbali, walioambiwa na nani sijui. Nalotuesha alikuja na ngozi ya ng'ombe, ile anayolalia. Wakamlaza juu yake, wakashika pembe, wakambeba kwenye matope ambayo gari haliwezi kuingia, mpaka barabarani kwa pikapu ya mtu wa maziwa. Eunice alinishika mkono njia yote, na tumbo lake lile.

Daktari amesema nyonga haijavunjika. Imeumia, atakaa siku chache, atatembea.

Nduta aliingia mbio, viatu mkononi. Kwenye benchi la korido walikuwa wamekaa watu wa mashuka yaliyolowa, mwanzo mpaka mwisho, na Parsaoti amefunikwa koti la hospitali. Nesi alikuwa anauliza ndugu wa mgonjwa ni nani, na Nalotuesha anajibu, "Sisi. Ulitaka wangapi?"

Nduta alisimama hapo. Baadaye sana, baba yake amelala, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, kwa nini yule mama anakuita Paker?"

Nikamweleza. Alisikiliza akikausha miguu yake na leso.

Jumatano, 28 Mei

Tumerudi nyumbani. Gakuru amesalimia taa ya kisanduku, sasa ni ya kijani.

Jumapili, 1 Juni

Jua. Nimeanika magodoro. Gakuru hataki kuongea juu ya Nairobi, na mimi sitaki kumlazimisha. Nduta hajapiga simu tangu Jumatano.

Jumamosi, 7 Juni

Mvua imeisha, na Nduta amekuja kama alivyoahidi.

Gakuru aliona gari likitoka barabarani, akaniambia nimletee shati lake la kanisani. Kama ni kuondoka, alitaka kuondoka amevaa vizuri. Nikamfunga vifungo, mikono yangu ikashindwa na kile cha juu. Hatukuangaliana.

Gari likasimama langoni. Nikaenda kufungua, nikaona kiti cha nyuma kimetandikwa gunia. Juu ya gunia amesimama kondoo, jike, mnene kwa maji, ametafuna mkanda wa usalama mpaka nyuzi.

Nduta alishuka, akanyoosha sketi, akaniuliza kama Nalotuesha yuko nyumbani.